TAZAMENI PAMOJA KWANZA

Mpenzi msomaji, mwezi huu sina dondoo za kumteka mwenza wala mitindo ya kucha. Nataka nikusimulie habari za dada mmoja anayemimina maziwa.

Dada huyo yumo kwenye picha ya Johannes Vermeer, mchoraji wa Delft, Uholanzi. Ilichorwa kati ya 1657 na 1660 hivi, na sasa imetundikwa Rijksmuseum, Amsterdam. Ni ndogo tu, sentimita 45.5 kwa 41. Jiko, dirisha upande wa kushoto, mikate mezani, mtumishi, maziwa. Basi! Hakuna malkia wala vita.

Huu mwezi wa nne nainakili kwa rangi za mafuta kila Jumamosi, nikitumia nakala ambayo makumbusho hayo yanaitoa bure kwenye intaneti. Na kunakili siyo wizi jamani, ni shule ya zamani. Louvre ya Paris mpaka leo inawaruhusu wachoraji kunakili humohumo ndani, mradi nakala isilingane ukubwa na picha ya asili.

Kazi yenyewe ina ngazi zake. Unapiga miraba ili vipimo visipotee. Unaweka kivuli na mwanga kwa rangi ya kahawia, nyepesi, iliyozimuliwa kwa tapentaini. Ikishakauka ndipo unapandisha tabaka zenye mafuta mengi zaidi. Ukigeuza mpangilio, ya juu inakauka kabla ya ile ya chini, mwisho picha inapasuka. Yaani rangi ya mafuta haijali kama una haraka.

Sasa, miezi hiyo minne ndiyo hiyohiyo mume wangu yupo nyumbani baada ya kupunguzwa kazi. Si mnajua nyumba inavyokuwa? Kila swali linasikika kama lawama. Ukiuliza tu, "Wale watu wamepiga simu?", usiku mzima mmenuniana.

Jumamosi moja akavuta kiti, akakaa nyuma yangu. Kimya. Baadaye akasema, "Mama Neema, huo ukuta una msumari." Kweli, kwenye ukuta mweupe wa Vermeer kuna msumari na matundu ya misumari mingine. Wiki iliyofuata akaona kioo cha dirisha kilichovunjika. Tangu hapo tunaitazama wote, na katikati ya kutazama maneno mengine yanakuja yenyewe, hata yale ya ada ya shule.

Nilimsimulia pia kwamba mwaka 2022 watafiti wa makumbusho hayo walitangaza kuwa Vermeer alianza kuchora rafu ya majagi nyuma ya kichwa cha dada huyu, na kapu la kuwekea makaa kule chini. Kisha akavifunika kwa rangi. Alivipunguza, na jicho likabaki kwenye maziwa. Nasi tumepunguza maswali.

Vermeer naye hakuwa na maisha mteremko. Mwaka 1672 Ufaransa ilipoivamia Uholanzi, biashara ya picha ikafa. Alifariki 1675 akiwa na madeni, akamwacha mkewe Catharina na watoto 11. Mama wa watu akamkabidhi mwoka mikate picha mbili kwa ajili ya deni la zaidi ya gilda 600. Nilipofika hapo mume wangu akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi: "Kumbe hata fundi kama huyu alikopa mkate!"

Kazi bado hajapata, nisikudanganye. Ila tunaongea. Kama nyumbani kwako kuna jambo zito ambalo kila mkiligusa mnagombana, tafuteni kitu kingine cha kutazama pamoja, kila wiki, saa ileile. Bustani, cherehani, redio mbovu, chochote kile. Msilazimishe maneno.

Mimi mkono wa kulia wa yule dada bado unanisumbua. Jumamosi hii naurudia. Tukutane mwezi ujao!

Mhariri