Ligi ya wakulima ilivyoondoka na hela ya tuisheni

Simu ya mwalimu wa tuisheni ilimkuta mama mmoja wa Temeke akiwa kwenye cherehani, siku chache kabla ya Idi. Mwalimu aliuliza kwa upole kama mtoto ameacha masomo ya jioni, maana hela ya mwezi haijafika. Mama akabaki ameshika simu. Shilingi 20,000 alimkabidhi mwanawe wa kidato cha pili mkononi mwanzoni mwa mwezi.

Jioni, baada ya futari, kijana alibanwa akasema ukweli. Hela ilikwenda usiku wa Machi 11, 2025, Liverpool ilipoikaribisha Paris Saint-Germain pale Anfield. Alimpa binamu yake mwenye miaka 22, aliyemwekea mkeka kwa laini yake ya simu: Liverpool kupita. Mchezo ulianza saa 5 usiku kwa saa zetu, ukaenda dakika 120, ukamalizwa na matuta. Ilipofika saa 7 na nusu usiku PSG wanasherehekea, kijana hakulala tena. Alisubiri daku, akala bila hamu, akaenda shule.

"Mama, mimi sikucheza kamari," alijitetea. "Nilipiga hesabu."

Kauli hiyo ndiyo iliyomtisha mama kuliko hela yenyewe, na alikuwa na haki ya kutishika. Watoto wengi wa umri huo wanaobeti hawaoni kama wanabahatisha. Wanajiona wanaujua mpira. Wanaangalia mechi, wanasoma takwimu, wanabishana shuleni kutwa nzima, kwa hiyo mkeka kwao ni mtihani wa maarifa. Sheria ya Tanzania hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, lakini laini ya binamu haiulizi umri wa aliyechagua timu.

Na hesabu ya kijana, kwa juu juu, haikuwa mbaya. Liverpool ilikuwa inaongoza Ligi Kuu ya Uingereza. Katika Ligi ya Mabingwa Ulaya ilimaliza hatua ya ligi ikiwa ya kwanza kati ya timu 36, huku PSG ikiwa ya 15 na kulazimika kupitia mchujo. Tena Liverpool ilikwishashinda 1-0 kule Paris wiki moja kabla. Juu ya yote, alisema, Uingereza ndiyo inayoongoza orodha ya UEFA ya ubora wa ligi, na Ufaransa ni "ligi ya wakulima". Timu ya wakulima itaitoaje Liverpool?

Mama hafuatilii mpira. Alimwita kaka yake, mwalimu wa hisabati wa sekondari na shabiki wa Simba, aje aongee na mpwa wake. Mjomba alifika Jumamosi na daftari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, nionyeshe hiyo hesabu iliyokula tuisheni."

Hakuanza na mawaidha. Alianza kwa kuuliza orodha ya UEFA inapatikanaje, na hapo kijana akakwama. Alijua nani wa kwanza, hakujua kwa nini.

Ilivyo ni hivi. Kila timu ya nchi inayocheza mashindano ya Ulaya huiletea nchi yake pointi 2 ikishinda na 1 ikitoka sare, na nusu ya hapo kwenye hatua za awali za kufuzu. Kuna pointi za nyongeza kwa kufika hatua za mbele, na Ligi ya Mabingwa hutoa nyongeza kubwa zaidi. Pointi zote za msimu hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya timu ambazo nchi iliingiza msimu huo. Mwisho huchukuliwa jumla ya misimu mitano.

Mjomba alimpa mpwa wake kalamu. Nchi yenye timu 8 ikishinda mechi moja inapata ngapi? Pointi 2 gawa kwa 8, yaani 0.25. Nchi yenye timu 4? Ni 0.5. Kwa hiyo hiyo orodha ni wastani. Haisemi timu bora ya nchi ina nguvu kiasi gani. Inasema timu zote za nchi hiyo, nzuri na mbovu, kwa pamoja zilifanya vipi.

Na kuna jambo ambalo mashabiki wengi hulipita. Ushindi kwenye Ligi ya Conference, mashindano ya daraja la tatu, huleta pointi 2 zile zile za ushindi wa Ligi ya Mabingwa. Msimu huo Chelsea ilishinda mechi zake zote sita za hatua ya ligi ya Conference, moja ikiwa 8-0 dhidi ya Noah ya Armenia. Mabao yale manane yaliingia kwenye kapu lile lile ambalo kijana aliliangalia kuamua kama Liverpool itaiweza PSG.

"Sasa niambie," mjomba akauliza, "Noah wanahusikaje na Anfield?"

Kijana alicheka kwa mara ya kwanza tangu aitwe.

Msimu wa 2023/24 unaonyesha vizuri jinsi wastani unavyoweza kumshangaza mtu. UEFA ilikuwa imetangaza kuwa nchi mbili zitakazofanya vizuri zaidi msimu huo zitaongezewa nafasi moja kwenye Ligi ya Mabingwa. Wengi waliamini moja itakwenda Uingereza. Lakini Manchester United na Newcastle zilimaliza mkiani mwa makundi yao, Arsenal na Manchester City zikatolewa robo fainali, na Liverpool ikafungwa 3-0 nyumbani na Atalanta kwenye Ligi ya Europa. Nafasi zikaenda Italia na Ujerumani. Borussia Dortmund, iliyomaliza ya tano kwao, ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa na kufungwa 2-0 na Real Madrid pale Wembley. Ya tano nyumbani, ya pili Ulaya. Mtu aupange vipi huo ubora?

Ukihesabu makombe, picha inabadilika tena. Hadi siku mjomba anakaa na mpwa wake, Hispania ilikuwa na makombe 20 ya ubingwa wa Ulaya, yote ya timu mbili: Real Madrid 15 na Barcelona 5. Uingereza 15, yaliyogawanyika kwa timu sita. Italia 12, Ujerumani 8. Ufaransa moja tu, la Marseille mwaka 1993. Kwa hiyo ligi kali ni ipi? Ile yenye timu mbili zisizoshikika, au ile ambayo hata ya saba ukiikuta ugenini unateseka? Kwa wastani wa miaka ya karibuni jibu ni Uingereza, na hapo kijana yuko sahihi. Kosa lake lilikuwa kuchukua kipimo cha timu nyingi kwa misimu mitano akakifanya utabiri wa usiku mmoja.

Tena dalili zilikuwepo. Kwenye ule ushindi wa 1-0 kule Paris, PSG ilipiga mashuti 27, Liverpool mawili. Kijana aliiona mechi yote. Aliikumbuka vizuri kuliko mjomba. Ila alipoweka mkeka alitazama jina la ligi.

Mjomba hakuondoka bila kuitaja Simba, bila shaka. Afrika nako CAF hupanga nchi kwa matokeo ya misimu mitano, ila msimu wa karibuni huzidishwa mara 5, uliotangulia mara 4, hivyo hivyo hadi 1. Nchi 12 za juu ndizo zinazoingiza timu mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Kombe la Shirikisho, na Tanzania imo. Ndiyo maana Simba ikisonga mbele hata shabiki wa Yanga, anune asinune, anafaidika.

Suala la usingizi mama alilishika mwenyewe. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Aliyemaliza mechi saa 7 na nusu, akaamka daku na kuingia darasani, hajapata hata nusu ya hizo, na mwalimu wake wa darasa alikwishalalamika kuwa anasinzia. Si uvivu tu: katika umri huo homoni ya usingizi huanza kutoka kwa kuchelewa, kwa hiyo kijana huona saa 5 usiku bado mapema, lakini saa ya shule haimsubiri. Ukiongeza simu mkononi na hela kwenye mkeka, mwili hautulii hata baada ya filimbi.

Mzazi anayetaka makubaliano badala ya ugomvi wa kila wiki aiangalie ratiba. Ulaya hubadilisha saa zao mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, sisi hatubadilishi. Mechi kubwa za katikati ya wiki huanza saa 4 usiku kwetu Ulaya ikiwa kwenye saa za kiangazi, na saa 5 wakati wa baridi. Lakini hadi 16 bora zipo pia mechi za mapema, saa 1:45 au 2:45 usiku. Hizo mtoto wa shule anaweza kuangalia na bado akalala. Kuanzia robo fainali zote ni za usiku mkubwa, na fainali huwa Jumamosi. UEFA yenyewe ilitangaza kuwa fainali ya 2026 mjini Budapest itaanza saa 12 jioni ya huko badala ya saa 3 usiku, ili mashabiki na familia zao wamalize mapema.

Nyumba ile ya Temeke ilikubaliana hivyo: katikati ya wiki hakuna mechi ya saa 4, matokeo asubuhi. Simu zote zinalala sebuleni. Hela ya tuisheni mama anamtumia mwalimu moja kwa moja. Binamu aliitwa naye, akaambiwa maneno yake na mjomba faragha. Deni la 20,000 kijana analilipa kwa kumsaidia mama kupeleka nguo za wateja kila Jumamosi, 2,500 kwa siku.

Aprili ilimjaribu. Arsenal iliifunga Real Madrid 3-0, kisha 2-1 kwao Madrid, na kijana akampigia mjomba: "Unaona Uingereza?" Lakini PSG ilikwishaitoa Aston Villa kwa jumla ya 5-4, na Mei ikaitoa Arsenal pia. Siku chache kabla ya fainali, Tottenham, iliyomaliza ya 17 kwenye ligi yao, iliifunga Manchester United iliyomaliza ya 15 na kubeba Ligi ya Europa. Msimu huo Uingereza iliongoza orodha ya UEFA.

Mei 31 ilikuwa Jumamosi. Waliangalia wote, mama akishona vifungo. PSG iliifunga Inter 5-0 mjini Munich. Baada ya bao la nne mama aliinua kichwa akauliza kama hao ndio wale wakulima.

"Ndio, mama."

Deni lilikuwa limebaki 2,500.