Mtoto Aliyeupa Ulimwengu Kisogo

Atazamaye katuni za Naji al-Ali, jicho lake hukimbilia pembeni kwanza. Hapo husimama mtoto mdogo, miguu peku, nguo zimejaa viraka, mikono ameifumbata nyuma, na uso wake hatuuoni. Huyo ni Handhala. Jina lake limetokana na mmea wa jangwani wenye tunda chungu mfano wa shubiri.

Naji alizaliwa katika kijiji cha al-Shajara, Galilaya, nchini Palestina. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka kumi hivi, alikimbia pamoja na jamaa zake, wakaishia katika kambi ya Ain al-Hilweh, kusini mwa Lebanon. Alichora katika kuta za kambi, na alipofungwa alichora katika kuta za gereza. Mwandishi Ghassan Kanafani alipoizuru kambi hiyo alizipenda kazi zake, akazichapisha mwaka 1961 katika jarida la al-Hurriyya. Miaka miwili baadaye Naji alikwenda Kuwait kufanya kazi katika jarida la al-Tali'a, nia yake ikiwa ni kudunduliza fedha za kusomea sanaa.

Kuwait ndiko alikozaliwa Handhala, mwaka 1969. Naji alieleza kwamba mtoto huyo ana miaka kumi, wala hatakua mpaka arejee kwao. Huo ndio umri aliokuwa nao mchoraji mwenyewe alipoihama nchi yake. Kuanzia mwaka 1973 Handhala akawapa watazamaji mgongo. Sisi wazazi, tuliozoea kuihesabu katuni kuwa kichekesho cha watoto, yatupasa kumtazama vyema huyu: hachekeshi, anashuhudia tu.

Na alishuhudia mengi. Kalamu ya Naji iliichoma Israel, ikawachoma vilevile watawala wa Kiarabu na viongozi wa Kipalestina. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo uzito wake, kwani kumsuta adui ni jambo jepesi; mtihani ni kumsuta wa kwenu. Mwaka 1985 alifukuzwa Kuwait, akahamia London, akaendelea kulichorea gazeti la al-Qabas. Tarehe 22 Julai 1987 alipigwa risasi barabarani karibu na ofisi zake, akafariki dunia tarehe 29 Agosti. Amezikwa Brookwood, Uingereza. Mwaka 2017 polisi wa London waliufufua uchunguzi. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo.