SARS: Hospitali mbili, siku moja, matokeo tofauti

MACHI 7, 2003, wanaume wawili waliokuwa wakiumwa homa na kikohozi walifika katika hospitali mbili za Kanada, mmoja mjini Toronto na mwingine Vancouver. Wote walikuwa na ugonjwa hatari wa mfumo wa kupumua ambao haukuwa hata na jina. Siku chache baadaye dunia iliufahamu kwa jina la SARS.

Yaliyofuata katika miji hiyo yanaonyesha kuwa vita dhidi ya maradhi ya namna hiyo huanzia katika meza ya mapokezi ya hospitali.

Vancouver, mgonjwa alikuwa ametoka Hong Kong. Wahudumu wa idara ya dharura, ambao mamlaka za afya za jimbo lao zilikwishawatahadharisha kuhusu homa ya mapafu isiyo ya kawaida barani Asia, walimvisha barakoa na kumtenga mara moja. Ugonjwa haukuenea kutoka kwake.

Toronto mambo yalikuwa tofauti. Mgonjwa mwenyewe hakuwa amesafiri. Aliyerejea kutoka Hong Kong mwezi Februari ni mama yake, ambaye alikuwa amefariki dunia nyumbani siku mbili kabla. Mwanawe alikaa saa nyingi katika idara ya dharura miongoni mwa wagonjwa wengine. Wawili waliokuwa karibu naye waliambukizwa, nao wakawaambukiza wengine.

Hadi mlipuko ulipodhibitiwa, watu 44 walikuwa wamefariki dunia katika eneo la Toronto, wakiwamo wauguzi wawili na daktari mmoja.

Bahati ilikuwa na nafasi yake, kwa kuwa historia ya safari ya mgonjwa wa Vancouver ilijieleza yenyewe. Hata hivyo, tume ya Jaji Archie Campbell iliyochunguza janga hilo ilibaini pia tofauti ya maandalizi na ya utamaduni wa kuwalinda wafanyakazi kazini.

Wakati huohuo, serikali ya Kanada iliweka vipimo vya joto la mwili na fomu za maswali katika viwanja vya ndege. Mamilioni ya wasafiri walipitishwa humo, lakini hakupatikana hata mmoja mwenye SARS. Waliokuwa wagonjwa walikuwa tayari wodini.

Wodini nako ndiko wimbi la pili lilikozuka. Mwezi Mei, baada ya Toronto kuamini kuwa hatari imepita na tahadhari kulegezwa, iligundulika kuwa ugonjwa ulikuwa ukienea kimyakimya katika hospitali ya North York General, miongoni mwa wagonjwa ambao homa yao ya mapafu ilidhaniwa kuwa ya kawaida. Kumchunguza mgonjwa siku ya kulazwa pekee hakukutosha.

Miaka 12 baadaye, Korea Kusini ilirudia kosa hilo. Mwaka 2015, mtu aliyerejea kutoka nchi za Ghuba alizunguka vituo kadhaa vya tiba kabla ya kubainika, Mei 20, kuwa ana MERS. Mgonjwa mmoja aliyeambukizwa naye aliwaambukiza zaidi ya watu 80 katika hospitali moja kubwa ya Seoul. Mlipuko huo ulihusisha wagonjwa 186, na 38 kati yao walifariki dunia.

Ugumu wa kazi hii uko wazi. Wenye homa na kikohozi hufika hospitalini kila siku, na mwenye ugonjwa adimu huenda asionekane kwa miaka. Muuguzi anayeuliza swali lilelile kila zamu bila kupata jibu la kutisha huishia kuacha kuuliza.

Lakini gharama ya kuuliza ni ndogo: umesafiri wapi, na nani nyumbani anaumwa au amefariki hivi karibuni? Mjini Toronto, swali hilo la pili ndilo lililokuwa na jibu.