Sifuri Si Nafasi Tupu: Maoni Juu ya Kuhamisha Majedwali

Kazi ya mwalimu wa shule ya msingi haiishii ubaoni. Mahudhurio, alama za mitihani na hesabu za shamba la shule huandikwa katika majedwali, na siku hizi majedwali hayo huhamishwa mara kwa mara kati ya hati na lahajedwali za kompyuta. Wengi hudhani kwamba kuhamisha ni kunakili tu. Kwa maoni yetu, kuhamisha jedwali ni kutunza maana yake, na jambo hilo lastahili kufundishwa vyuoni kabla ya matumizi ya vitufe.

Hati iliyoandikwa kwa lebo, kama zile za HTML na XML, hutaja kila sehemu: hapa mstari unaanza, hiki ni kichwa cha safu, hiki ni kisanduku cha takwimu. Kichwa kimoja, tuseme "Masika", chaweza kutanda juu ya safu tatu za Machi, Aprili na Mei. Lahajedwali hujali zaidi mahali: safu B, mstari wa 4. Jedwali lile likihamishwa bila uangalifu, "Masika" hubaki juu ya Machi peke yake, na Aprili na Mei huwa yatima.

Hasara kubwa zaidi hutokea penye nafasi tupu. Tuchukue mfano wa kipimamvua cha shule. Mji wa Same umo katika kivuli cha mvua cha Milima ya Upare, ilhali miinuko ya Shengena, yenye kilele cha mita 2,462, hupata mvua nyingi zaidi. Kwa hiyo sifuri katika daftari la Same ni habari kamili: tulipima, mvua haikunyesha. Nafasi tupu husema jambo jingine: hatukupima.

Tuseme siku tano zimeandikwa hivi, kwa milimita: 12, 0, tupu, 6, 0. Wastani wa siku nne zilizopimwa ni 4.5. Nafasi tupu ikigeuzwa kuwa sifuri, wastani hushuka hadi 3.6. Sifuri zikifutwa zikawa nafasi tupu, wastani hupanda hadi 9. Mvua ni ile ile. Kilichobadilika ni uhamishaji.

Sasa badala ya mvua tuweke alama za mtoto aliyeugua siku ya jaribio. Mtoto huyo hakupata sifuri, hakufanya jaribio. Jedwali likimpa sifuri, mwalimu atamhesabu miongoni mwa walioshindwa, na mzazi ataamini hivyo.

Tena kompyuta hubahatisha. Namba ya simu ya mzazi inayoanza na 0 huchukuliwa kuwa hesabu, na ile sifuri hudondoka. Tarehe 3/4, ambayo kwetu ni tatu Aprili, yaweza kusomwa kuwa nne Machi. Hata wataalamu hawajasalimika. Mwaka 2020 majina ya baadhi ya jeni za binadamu yalibadilishwa rasmi kwa sababu lahajedwali ziliyageuza kuwa tarehe. Mwaka huo huo, nchini Uingereza, taarifa za wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 zilichelewa kuingizwa katika hesabu, kwa kuwa faili la lahajedwali la aina ya zamani lilijaa na mistari iliyozidi ikaachwa nje.

Wako watakaosema kwamba shule nyingi hazina kompyuta. Somo hili lahitaji chaki tu. Mwalimu achore ubaoni jedwali la zamu za maji ya ndiva. Mwanafunzi mmoja alisome kisanduku kwa kisanduku, akitaja kichwa na thamani: "Jumatatu, zamu ya kwanza, kitongoji cha juu." Mwenzake, aliyeupa ubao kisogo, alichore upya daftarini. Kisha majedwali mawili yalinganishwe. Penye tofauti, darasa litafute kilichopotea njiani.

Hicho ndicho kipimo tunachopendekeza hata mbele ya kompyuta: jedwali liende, lirudi, lilinganishwe na la kwanza. Kila safu iwe na kichwa chake, kila mstari uwe na jambo moja, na asiyefanya jaribio aandikwe kwa neno "hakuwepo". Mwalimu mtarajiwa azoee hayo angali chuoni, maana nyuma ya kila kisanduku cha daftari lake yupo mtoto.