Raba ya Dior: Kinachouzwa si ngozi

Mkulima wa nyanya anajua kinachotokea msimu unapokuwa mzuri: matenga hufurika sokoni na bei huporomoka. Katika biashara ya raba za kifahari huko Ulaya na Marekani, wenye bidhaa huhakikisha msimu mzuri haufiki kamwe.

Mwaka 2020 jumba la mitindo la Dior la Ufaransa liliungana na Nike ya Marekani kutoa raba aina ya Air Jordan 1 iliyotengenezwa Italia. Ile ndefu iliuzwa dola 2,200 na fupi dola 2,000, wakati Air Jordan 1 ya kawaida ilikuwa takriban dola 170. Zilitolewa jozi zipatazo 13,000 tu kwa dunia nzima. Kati ya hizo, 5,000 ziliwekewa wateja wakubwa wa Dior, zilizobaki zikagombewa kwa kujiandikisha kwenye intaneti. Pietro Beccari, aliyekuwa mkuu wa Dior wakati huo, alisema waliojiandikisha walifikia milioni 5.

Ngozi ya ndama na fundi wa Kiitalia vina gharama yake, lakini haviwezi kueleza tofauti ya dola 2,000. Na hata mauzo yenyewe si makubwa kihivyo. Ukizidisha unapata kama dola milioni 27, fedha isiyotikisa vitabu vya kampuni za ukubwa ule. Mavuno halisi ni wale watu milioni 5 waliojitaja wenyewe kuwa wanalipenda jina hilo. Karibu wote waliondoka bila kiatu, lakini Dior ina manukato, miwani na mikoba ya kuwauzia.

Tatizo ni walanguzi. Aliyebahatika kupata jozi kwa bei ya dukani aliweza kuiuza siku ileile kwa bei ya juu zaidi, na mwenye mali asipate hata senti ya nyongeza hiyo. Hapo Louis Vuitton walikuwa werevu zaidi. Februari 2022, jozi 200 za raba walizotengeneza na Nike, zilizobuniwa na Virgil Abloh, Mmarekani mwenye asili ya Ghana aliyefariki Novemba 2021, zilipelekwa mnadani Sotheby's. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 2,000. Zote zikauzwa kwa dola milioni 25.3, na jozi moja ikafika dola 352,800. Mapato yakaenda kwenye mfuko wa masomo aliouanzisha Abloh. Wakulima wa kahawa wanaofuatilia mnada wa Moshi hawahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Hata hivyo jina la kuazima lina hatari zake. Adidas ilipovunja ubia na mwanamuziki Kanye West Oktoba 2022, ilibaki na shehena ya raba za Yeezy ambayo ilichukua hadi mwishoni mwa 2024 kuimaliza.

Kwa mwenye duka wa huku, hesabu ya jozi 13,000 ina kazi nyingine. Akiletewa katoni ya raba zenye majina ya Dior na Jordan kwa bei ya jumla, hana haja ya kumwita mtaalamu wa kuzikagua. Hazikutengenezwa za kutosha kujaza katoni Kariakoo. Ni feki, na Tume ya Ushindani ikiukamata mzigo huo, mtaji unakwenda nao.