"Mto Hauna Mipaka," Asema Mwenye Pasipoti

Kuna sentensi moja ningependa ipigwe marufuku katika insha za safari: "Mto hauna mipaka." Utaikuta karibu katika kila tafakuri ya mtu aliyepanda meli ya kitalii kwenye Danube au Rhine. Mara nyingi inakuja aya ya tatu, baada ya kahawa ya asubuhi kwenye roshani ya kabini na kabla ukungu haujapanda vilimani. Mwandishi amelala Austria, ameamka Slovakia, hakuna aliyemgongea mlango kumuuliza chochote, basi anahitimisha kwamba mipaka ni mawazo tu ndani ya vichwa vyetu.

Naijua sentensi hiyo vizuri. Nimelipwa kuiandika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mimi ni mwandishi wa kukodishwa. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo kibodi ndiyo shamba langu. Wateja wengi wako ng'ambo, nao huagiza kila aina ya maandishi, lakini kazi ambayo haikosi ni tafakuri za safari za mtoni. Maagizo hayabadiliki: nafsi ya kwanza, hisia nyingi, maneno 1,200, jina la mteja juu. Nimekuwa mjane wa miaka 68 akilia kimya kimya Passau. Nimekuwa mume anayesherehekea miaka 40 ya ndoa Cologne. Yote nimeyafanyia Githurai, bando likiisha naomba ya jirani. Sioni haya hata kidogo. Fundi anayeshona suti ya bwana harusi hahitaji kualikwa harusini.

Lakini fundi ndiye anayejua suti imekaaje kwa ndani, kwenye bitana. Na mimi nimekaa kwenye bitana ya insha hizi miaka minne. Ninachosema ni hiki: tafakuri ya safari ya mtoni, jinsi inavyoandikwa leo, ni tangazo la biashara lililovalishwa kanzu ya falsafa. Inafuta kila kitu kinachoufanya ule mto upitike, halafu ulaini unaobaki inauita hekima.

Tuanze na hiyo mipaka ambayo ati haipo.

Danube una urefu wa kilomita 2,850 hivi na unagusa nchi kumi: Ujerumani, Austria, Slovakia, Hungaria, Kroatia, Serbia, Romania, Bulgaria, Moldova na Ukraine. Hakuna mto mwingine duniani unaopita nchi nyingi hivyo. Kwa mamia ya kilomita mto wenyewe ndio mpaka kati ya Romania na Bulgaria. Enzi za Ceaușescu, Waromania waliujaribu usiku kwa kuogelea, wakitafuta kufika Yugoslavia ng'ambo ya pili. Kuna waliofika. Kuna waliopigwa risasi, na kuna waliozama. Sasa mwambie mama wa mmoja wao kwamba mto hauna mipaka.

Rhine nao, ambao kila mtalii anaupiga picha kwa ajili ya zile ngome za kimapenzi kwenye vilima? Nyingi kati ya ngome hizo zilikuwa vituo vya kutoza ushuru. Pale Kaub kuna moja iliyojengwa katikati ya maji, Pfalzgrafenstein, ya karne ya 14. Kazi yake ilikuwa kuzuia vyombo: mnyororo unatandazwa mtoni, chombo kinasimama, unalipa, unapita. Usipolipa, unabaki. Hii ndiyo ngome ambayo wateja wangu hutaka niieleze kama "kito kilichoelea kutoka kwenye ndoto." Ndoto ya nani? Ile ni ofisi ya forodha, bana.

Ushuru ule haukuyeyuka kwa sababu mto ulipata roho safi. Uliondolewa kwa karatasi. Mkataba wa Mannheim wa mwaka 1868 ulifuta ushuru wa kupita Rhine. Na mwaka 1948 pale Belgrade ukatiwa sahihi mkataba unaosema usafiri kwenye Danube utakuwa huru kwa raia, vyombo vya biashara na bidhaa za mataifa yote, kwa usawa. Mataifa yote. Mtu akisajili meli ya mizigo Mombasa na kuifikisha Danube, mkataba unamtambua.

Mkataba huo unahusu usafiri wa mtoni, hauhusu viza, najua. Ndiyo hoja yenyewe. Ulaya ilikaa chini, ikafikiri kwa miaka mingi jinsi ya kuufungua mto, ikaufungua kwa chuma, ngano na mafuta, kisha kwa wastaafu wenye pasipoti zinazofaa. Mnyororo wa Kaub haukutupwa. Ulihamishwa tu, ukaletwa huku kwetu, kwenye dirisha la viza.

Bei ya kuugusa mnyororo huo kwa sasa ni euro 90, tangu Juni 2024. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi 12,000, na ukinyimwa hazirudi. Unaleta taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima, tiketi ya kurudi, na ushahidi kwamba una sababu ya kutosha ya kuipenda nchi yako kiasi cha kurudi. Mimi, asiye na mwajiri wala shamba, ushahidi huo nitautoa wapi? Mzungu anayekuja kuona nyumbu Mara anajaza fomu kwenye simu na kulipa dola 30 hivi, hakuna anayemuuliza kama anaipenda kwao.

Mwaka juzi nilialikwa kwenye warsha ya uandishi katika mji mmoja ulio kando ya Danube. Waandaaji wangelipia ndege, malazi, hata chakula. Nikapeleka kila karatasi waliyotaka. Jibu lilikuja kwenye fomu yenye visanduku, kimoja kimewekwa alama: kuna shaka kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla viza haijaisha. Wiki hiyo hiyo nilikuwa na kazi ya kuwasilisha. Kichwa alichopewa na mteja: jinsi Danube ilivyonifundisha kuachilia. Nikaiandika. Alipenda sana, akaniongezea dola tano.

Sisimulii ili unihurumie. Nasimulia kwa sababu mambo hayo mawili ni jambo moja. Uchumi unaoninyima kuuona mto ndio unaonilipa niusifu kwa kinywa cha mwingine. Mimi yangu inakubalika pale tu inapobeba jina lisilo langu.

Uongo wa pili ni utulivu. Insha zote zinasema mto unajua kusubiri, mto haulazimishi, mto unateremka tu na wewe ukubali kuteremka nao. Ala! Meli ya kwenda Budapest kutoka Amsterdam inapandishwa mlima. Kati ya Bamberg na Kelheim kuna mfereji wa kilomita 171 unaounganisha Main na Danube. Una vyumba 16 vya zege vyenye malango: meli inaingia, lango linafungwa nyuma yake, maji yanajazwa, meli inanyanyuliwa kama gari kwenye jeki. Kileleni iko mita 406 juu ya usawa wa bahari. Mfalme Charlemagne alijaribu kuchimba mfereji eneo hilo mwaka 793 akashindwa. Huu wa sasa ulifunguliwa 1992, yaani si wazee hata kuwashinda kaka zetu wakubwa.

Vyumba hivyo vina upana wa mita 12. Meli nyingi za kitalii zina upana wa mita 11.4 hivi. Fanya hesabu: zinabaki kama sentimita 30 kila upande. Kila mara meli inapoingia humo, nahodha na mabaharia wanakesha wakichunga ubavu usikwaruze ukuta, na mara nyingi ni saa nane za usiku, kwa sababu mchana lazima abiria washuke kutembezwa. Wanaokesha, na wanaotandika vitanda na kumimina mvinyo, wengi wanatoka Romania, Bulgaria, Hungaria, Ufilipino, Indonesia. Abiria analala. Asubuhi anaamka mita kadhaa juu ya pale alipolala, anafungua pazia, na kuandika kwamba mto umembeba. Ndugu yangu, umebebwa na watu.

Na mto wenyewe haujaahidi chochote. Mwaka 2018, na tena 2022, kiangazi kiliukausha Rhine pale pale Kaub hadi vyombo vikashindwa kupita na mizigo kamili. Kuna meli za kitalii zilizokwama, abiria wakapandishwa mabasi kwenda kukutana na meli nyingine upande wa pili wa kina kifupi. Nilipouliza kama naweza kuandika kuhusu hayo mabasi, niliambiwa hapana, inaharibu mtiririko.

Uongo wa tatu ndio unaoniumiza zaidi: kwamba mto unakumbuka. "Maji haya yameona karne nyingi." Sawa, yaliona nini? Hapo insha inanyamaza.

Kati ya Serbia na Romania, mto unapita korongo linaloitwa Lango la Chuma. Meli hupunguza mwendo ili watu wapige picha sura ya mfalme Decebalus iliyochongwa mwambani. Chini ya maji ya sehemu hizo kuna kisiwa kilichoitwa Ada Kaleh. Walikaa Waturuki, Waislamu, wenye msikiti, mitaa myembamba, maduka ya kahawa na tumbaku. Yugoslavia na Romania zilijenga bwawa la umeme kuanzia 1964 hadi 1972, na kisiwa kikazamishwa. Watu walitawanyika, wengine Uturuki, wengine miji ya Romania. Zulia kubwa la msikiti wao, zawadi ya Sultani Abdulhamid wa Pili, liko hadi leo katika msikiti wa Constanța. Meli inaelea juu ya mji huo, na msomaji anaambiwa kuhusu keki ya tufaha.

Kule Budapest, meli huzunguka usiku kwa makusudi ili abiria waone Bunge likiwaka taa. Ni picha ya gharama, na inastahili. Si mbali na Bunge hilo, ukingoni, kuna jozi 60 za viatu vya chuma, kazi ya Can Togay na Gyula Pauer ya mwaka 2005. Viatu vya wanaume, vya wanawake, vidogo vya watoto. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, wanamgambo wa Mshale Msalaba waliwapanga Wayahudi pale, wakawaamuru wavue viatu kwa sababu viatu vilikuwa na bei, wakawapiga risasi waangukie mtoni. Niliwahi kuiweka aya hiyo. Mteja akaifuta, akaandika pembeni: wasomaji wetu wako likizo.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ninayolipwa kufanya. Silipwi kuandika kuhusu mto. Nalipwa kuusafisha.

Najua utakachoniambia. Wewe hujawahi kufika, utajuaje? Tembea uone, wahenga walisema. Sawa. Lakini kuona si kujua. Mimi nimesoma ramani za mfereji, majedwali ya kina cha maji, mikataba, michoro ya meli, kwa sababu lazima nimpe mteja maelezo yasiyoaibisha. Aliyesafiri alikuwa amelala wakati lango linafungwa. Kama kufika ndicho kipimo pekee cha kusema, basi pasipoti imekuwa leseni ya kufikiri, na anayenyimwa viza amenyimwa na mdomo pia. Hilo sikubali.

Wala huu si ugonjwa wa wazungu peke yao. Tumeshauambukizwa. Angalia insha za vijana wetu wanaopata ufadhili wa miezi mitatu Berlin au Vienna. Foleni ya viza haimo. Simu ya kukopa pesa za kuonyesha benki haimo. Insha inaanza kwenye daraja, mwandishi anautazama mto, anajikuta. Yaani alikuwa amepotelea Kayole? Ukipita langoni halafu ukajifanya hakukuwa na lango, umelisaidia kufungwa kwa anayekuja nyuma yako.

Sisemi watu wasisafiri. Mstaafu aliyefanya kazi miaka 40 apande meli yake, anywe mvinyo wake, na mandhari yampendeze. Ni mazuri kweli, hata kwa picha. Ninachotaka ni kidogo. Wahariri, mkiletewa tafakuri ya mto, ulizeni: nani alifungua malango? Nani alikuwa macho? Nini kiko chini ya maji? Nani alitaka kuja akazuiwa, na kwa shilingi ngapi? Insha isiyoweza kujibu hata swali moja kati ya hayo ilipiwe kama matangazo mengine, ichapishwe kwenye ukurasa wa matangazo.

Na kwa wateja wangu, kama kuna yeyote anayeweza kusoma Kiswahili au ana mtu wa kumsomea: bei zangu zimebadilika. Neno la kawaida linabaki pale pale, senti mbili za dola. Machozi ya Passau, dola tatu juu. Lakini "mto hauna mipaka" kuanzia mwezi huu ni euro 90, unalipa kabla, unaleta taarifa za benki za miezi sita, na nikiamua kutoiandika, pesa hairudi.