Ukuta Kati ya Mafundi wa Kompyuta Ubomolewe

Hebu fikiria umefika ofisi ya karo mjini Thika, Jumatatu ya kufungua shule. Ulilipa kwa simu tangu Ijumaa, lakini jina la mwanao halimo. Karani anakuambia, "Mitambo imeharibika." Je, alaumiwe nani?

Tuseme programu hiyo ilitengenezwa na kampuni iliyoko Ruiru. Aghalabu utakuta humo vyumba viwili visivyosikizana. Kimoja ni cha waundaji wa programu, ambao husifiwa wakileta mambo mapya. Cha pili ni cha wasimamizi wa mitambo, ambao husifiwa pasipoharibika kitu. Wale wa kwanza hulimbikiza mabadiliko ya miezi mitatu, kisha huwatwika wenzao yote Ijumaa jioni. Yakiharibika, kila upande hunyooshea mwingine kidole.

Dawa ya ugonjwa huu huitwa devopsi, yaani kuunda na kuendesha kuwa kazi moja. Jina hili lilianza kuvuma mwaka wa 2009, Patrick Debois alipoandaa mkutano mjini Ghent, Ubelgiji. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fikra yenyewe ilitoka viwandani. Wakazi wa Thika, wenye kiwanda cha kuunganisha magari, wataielewa upesi. Katika viwanda vya Toyota huko Japani, mfanyakazi aliyeona kasoro alivuta kamba, na kazi ingeweza kusimamishwa hadi irekebishwe. Kasoro ikinaswa kiwandani ni nafuu. Ikifika barabarani ni hasara.

Kampuni ianzeje basi? Isikimbilie kununua vifaa vya bei ghali. Ichague programu moja ndogo, na pande zote mbili zikae meza moja. Kila badiliko lihifadhiwe mahali pamoja, kwa mfano katika Git, aliyoibuni Linus Torvalds mwaka wa 2005, ili ijulikane kilichobadilishwa na namna ya kurudi nyuma. Kompyuta yenyewe ilijaribu kila badiliko kabla halijawafikia wateja. Mabadiliko yawe madogo na ya mara kwa mara; aonjaye mchuzi ukiwa jikoni hamwagi sufuria nzima mezani. Aliyeunda naye ashike zamu ya usiku. Na mambo yakienda mrama, swali lisiwe "Ni nani?" bali "Ni nini kilichoruhusu haya?" Anayeogopa kufutwa kazi huficha kosa, nalo kosa lililofichwa hurudi.

Nawe mwanafunzi wa kompyuta, uwe Ruiru, Juja au Thika, usitosheke na programu inayofanya kazi kwenye mashine yako pekee. Jifunze itakavyoendeshwa usiku wa manane, watu elfu moja wanapoitumia kwa pamoja. Mzazi naye aiulize shule: mitambo ikiharibika, ni nani hupigiwa simu, na huchukua muda gani kuirekebisha?

Wahenga walinena, kidole kimoja hakivunji chawa. Tukutane Jumapili ijayo.